Msaada wa Wifi

Kuna watu wana moyo wa kusaidia hadi unatamani wangekuwa wavivu. Wifi yangu ni mmoja wao.

Nashona mifarishi ya viraka vya kitenge, ile ambayo miraba yake husimama kwa ncha kama uru kwenye karata. Ukiipanga hivyo, ukingoni hubaki mapengo ya pembetatu. Mapengo hayo ndiyo yaliyonikorofisha na ukweni.

Mraba wa inchi 10 una inchi 14 na ushee kutoka pembe hadi pembe. Kwa hiyo, nikiongeza nafasi ya mshono, mimi hukata mraba wa inchi 15 na nusu, pembe kwa pembe mara mbili, napata pembetatu nne za kuziba mapengo. Hapo upande mrefu, unaokaa ukingoni, hufuata uzi. Pande fupi ndizo zinazokwenda hanamu, nazo hudhibitiwa na mshono.

“Wifi, kitambaa unakitupa!” akasema wifi yangu. Nilipokwenda kuinjika chai, akakata miraba midogo, kila mmoja mara moja tu, kwa kubana matumizi. Baadaye nilipiga hesabu: kwa kila pembetatu nne, alichookoa hakifiki kiraka cha inchi 2 kwa 2. Na upande mrefu wote sasa ulikuwa hanamu.

Kisha akapiga pasi. Mvuke tele, anaburuta mbele, anarudisha nyuma. Kwenye hanamu hakuna mtande wala mshindio wa kuzuia, kitambaa hufuata anayekivuta. Pembetatu zilirefuka mbele ya macho yangu, na mfarishi ulipoungwa, ukingo ukawa mawimbi matupu.

Mama mkwe akaushika, akautazama. “Mwanangu, marinda haya umeyabuni mwenyewe? Yamependeza.”

Nilifumua ukingo kimyakimya. Nikapuliza wanga, nikapitisha mshono mmoja karibu kabisa na ukingo usiendelee kutanuka. Urefu wa fremu, yaani vipande vya kuzungushia mfarishi, niliupima katikati ya mfarishi, kwa sababu ukingo uliovutika husema uongo. Nikabana kwa pini nyingi, upande wenye ziada nikaulaza chini, meno ya cherehani yaumeze taratibu. Pasi niliikandamiza na kuinua, bila kuburuta.

Mfarishi ukatulia. Mama mkwe amenuna, anauliza marinda yake nimeyapeleka wapi. Wifi naye ameahidi kuja Jumamosi kunisaidia pindo. Nimemwambia kwetu umeme umekatika, na fundi hajulikani atakuja lini.