Thelathi, au Namna ya Kumwomba Mnyama Akimbie

Thelathi ni mwendo wa farasi au punda ulio wa kasi kuliko matiti na wa upole kuliko shoti, ambamo kwato hugonga ardhi kwa mapigo matatu yanayosikika waziwazi, kisha mnyama akawa hewani kitambo kidogo kabla ya kuanza upya. Na jina lenyewe, ambalo ni ndugu wa thelathini ya kuhesabia, huyakumbusha mapigo hayo matatu. Watu wa pwani, waliopanda punda wa Unguja na Lamu kwa vizazi vingi, waliupa kila mwendo jina lake: telki ni kule kutembea harakaharaka kwa adabu, matiti ni mwendo wa mapigo mawili unaomtikisa mpandaji mpaka meno yakagongana, na shoti ni mbio ambazo mpandaji hana tena kauli. Waingereza nao huita thelathi kwa neno lililokatwa kutoka jina la mji wa Canterbury, ambako mahujaji wa zamani walikwenda juu ya farasi kwa mwendo wa wastani. Neno hilo limefika hata Bariadi, mkoani Simiyu, ila limefika likiwa na magurudumu, kwa kuwa kenta, kwa mkazi wa huko, ni lori dogo la Mitsubishi linalobeba pamba, mahindi na, inapobidi, msafara mzima wa harusi. Kwa hiyo anayetangaza pale stendi kwamba anajifunza namna ya kuomba kenta huulizwa kwanza ana mzigo wa tani ngapi.

Farasi wenyewe ni adimu katika mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Upande wa mashariki mkoa unapakana na Serengeti na una Pori la Akiba la Maswa, na pori lina wenyewe: wamo mbung'o, wanaoeneza nagana, yaani maradhi ya vimelea vya damu yanayokondesha mifugo hadi kuiua, na wamo pundamilia, wanaobeba bila kuugua virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo mno wanaouma kuanzia jioni, na ambao huua sehemu kubwa ya farasi wasiochanjwa. Punda huustahimili ugonjwa huo vizuri zaidi. Ndiyo maana kazi ya Usukumani imebaki mikononi, au tuseme shingoni, mwa maksai wanaokokota plau mashambani na punda wanaovuta tela au kubeba madumu ya maji. Na mwanafunzi wa thelathi aliyeko Bariadi, akitaka mazoezi, hana budi kumwendea punda.

Vitabu vya upandaji farasi hufundisha kwamba farasi haamrishwi bali huombwa, na ombi hutolewa kwa mwili. Anayetaka thelathi inayoongozwa na mguu wa kulia, ambamo mguu wa nyuma wa kushoto huanza, ukafuatwa na wa nyuma wa kulia pamoja na wa mbele wa kushoto kwa pigo moja, kisha wa mbele wa kulia ukamalizia, hukaa wima, huvuta hatamu ya kulia kwa vidole tu, huacha mguu wake wa kulia penye mkanda wa tandiko na kuusogeza wa kushoto nyuma kidogo, kisha hubana. Mnyama akiitikia, papo hapo mpandaji huachia, kwa sababu kinachomfundisha mnyama si kule kubanwa bali ni ile nafuu ya kuachiwa. Sentensi hii ya mwisho ilikuwa katika ukurasa ambao mwandishi wa insha hii aliuruka.

Ikawa basi kwamba mwandishi huyo, akiwa na kitabu mfukoni, alimwazima punda wa mzee mmoja wa Somanda, asubuhi kabla ya kazi ya maji, akakaa katikati ya mgongo kama farasi wa kwenye picha anavyokaliwa, ingawa watoto wote wa mtaa ule wanajua kwamba punda hukaliwa nyuma, karibu na matako, ambako uti wa mgongo hauchomozi. Alibana kwa mguu wa kushoto. Punda alisimama. Akabana zaidi, na punda akazidi kusimama, akageuza sikio moja tu nyuma, taratibu, kama karani anayesikia mtu dirishani lakini hajamaliza chai. Hili watu huliita ukaidi, kumbe ni hesabu: farasi akiwa na shaka hukimbia kwanza akafikiri baadaye, ilhali punda husimama kwanza akafikiri, na aliyembana bila kuachia amempa jambo refu la kufikiria. (Methali isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke huenda ilitungwa na mtu aliyekuwa amesimama pabaya.)

Ndipo mwandishi akajaribu kidoko, yaani ile sauti ya ulimi unaogongwa kwenye kaakaa, ambayo waswaga punda huitumia badala ya maneno. Na kidoko kilifaa sana, isipokuwa kiliitikiwa na punda wa jirani, aliyekuwa na madumu 4 ya lita 20 mgongoni, yaani kilo 80 za maji ya watu, akaondoka nayo huku mwenyewe akimkimbilia.

Thelathi ilipatikana hatimaye bila ombi la mtu. Kenta iliyojaa pamba ilipita nyuma ikapiga honi, na punda, ambaye hakuwa amesoma jina la lori lile, aliitika jina hilo kikamilifu: mapigo matatu na hewa, mapigo matatu na hewa, huku mwandishi akiwa ameshika manyoya ya shingo kwa mikono miwili na kuiacha hatamu ijitafutie njia. Punda hakukimbilia porini. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye bomba la maji, akapunguza hadi telki, akaingia kwenye foleni mahali pake pa kila siku, nyuma ya ndoo ya bluu, akasimama. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimtazama mpandaji juu mpaka chini, akauliza kwa upole:

“Mwalimu, sasa wewe unachotea nini?”

Mzee wa Somanda, alipofika akitembea bila haraka, alieleza kwamba punda yule hukimbia kila siku, tena bila fimbo, ila si saa zile. Hukimbia akiondolewa soji, yale matandiko ya kubebea mizigo, akajua kwamba kazi imekwisha na pumba za mahindi zinamsubiri nyumbani. Anayetaka kuiona thelathi ya Bariadi na afike saa kumi na moja jioni, akae nyuma, na dumu lake asilisahau.