Yule wa Sita Alirudi kwa Nini?

Jamani, jamani! Sogeeni kwenye benchi niwaeleze, maana hili nikikaa nalo moyoni litanipasua. Mnalijua lile kundi letu la WhatsApp la kusoma riwaya? Hilo hilo. Watu 80 na ushei: kuna wa Korogwe, kuna wa Tanga mjini, kuna wa Dar, mmoja yuko Muscat anaendesha gari la watu, na sisi wachache wa huku Bungu, ambao ukungu ukishuka na mtandao unakwenda nao. Mpaka upande kule juu, migomba inakoishia, uinyanyue simu kama unayemwonyesha Mungu, ndipo ujumbe uingie. Basi nimepanda kile kilima kwa baridi ya mwezi wa saba, shuka begani, vidole vimekufa ganzi. Napokea nini? Picha ya waridi limeandikwa "Asubuhi njema". Nilisonya mpaka ng'ombe wa jirani akageuza shingo.

Na tulikubaliana vizuri tu! Riwaya za zamani za Kiswahili, moja kila mwezi, watu wasome, kisha tuzungumze. Tukaanza na Kusadikika. Nani angekataa? Shaaban Robert ni mtu wa hapo chini tu, kazaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Kitabu kimetoka 1951, chembamba, ukikaa nacho jioni mbili tatu umekimaliza. Sisi kimetuchukua miezi miwili, na waliofika mwisho nawahesabu kwa mkono mmoja, na vidole vinabaki.

Balaa la kwanza: "Nani ana PDF?" Ehee! Hapo kundi zima likaamka. "Na mimi." "Na mimi jamani." "Nami msinisahau." Mtu aliyekaa kimya wiki sita, tukadhani kafariki, naye akaibuka: "Na mimi." Kitabu kipo madukani, kinauzwa, na bei yake ni ile pesa mtu anayoitupa kwenye mkeka wa mechi kila Jumamosi wala hakuni kichwa. Hapana, apewe cha bure. Haya, PDF ikaja. Mungu wangu! Kurasa zimepigwa picha kwa simu, nyingine zimelala ubavu, nyingine hazipo kabisa, na pale mshitakiwa Karama anapojitetea mahakamani kidole gumba cha mtu kimetulia juu ya maneno, ukucha wake na uchafu wake. Shaaban Robert aliitafuta mizani ya kupimia kila sentensi, sisi tunamsomea chini ya ukucha wa mtu! Niliumia, nawaambia kweli.

Balaa la pili ndilo limenileta hapa. Kuna binti mmoja wa Korogwe, mpole, haandiki sana. Siku hiyo kauliza swali. Mnakikumbuka kisa? Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno, kosa lake kutaka watu wafundishwe sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea, anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa zamani: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakatafute yatakayoifaa nchi. Kila mmoja anakwenda, anahangaika, anarudi na kheri mikononi, na malipo yake ni gereza. Binti akauliza: wa kwanza kafungwa, wa pili kafungwa, mpaka watano wote wamekwisha kufungwa. Huyu wa sita, Amini, alirudi kwa nini?

Lo! Mimi kule kilimani niliisahau baridi. Hilo ndilo swali! Hilo ndilo linalomfanya mtu azime taa akalale asipate usingizi. Nikangoja. Wa kwanza kujibu: "Dhamira hapo ni uzalendo." Wa pili: "Naongezea, ujenzi wa jamii mpya." Wa tatu akaleta mafungu: wahusika, mandhari, matumizi ya tamathali za semi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kufaulu na kutofaulu! Mtu ana wajukuu, nywele nyeupe pe, bado anamsahihishia Shaaban Robert mtihani. Akamalizia mwalimu mmoja mstaafu, kwa ujumbe wa sauti wa dakika 9, nusu nzima kuku wanalia nyuma yake, kwamba swali la namna hiyo haliulizwi kwenye mtihani. Binti akanyamaza, na mpaka leo hajaandika tena.

Hivi tulifanywa nini shuleni, wenzangu? Maana si mara moja. Tulipofika Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971, mzee mmoja aliona jina tu, na kwa kuwa Bikira Maria huitwa hivyo kwenye litania, akaturushia sala siku tatu mfululizo. Watu wakaitikia "Amina, baba." Siku ya nne akatokea mwingine, akaapa kitabu ni kichafu, watoto wasikiguse. Ukimuuliza uchafu uko ukurasa gani, anasema yeye vitabu vichafu hasomi. Na huku yule msichana wa kitabuni kapigwa na baba mlevi kwa ajili ya barua tu, tangu huko mwanzoni, na maisha yake yote yameanza kwenda mrama pale mlangoni kwao, hakuna aliyemsemea hata neno moja. Inaniuma kama namjua.

Vuta N'kuvute ndiyo usiseme. Kitabu cha Adam Shafi kimetoka 1999. Filamu ya Amil Shivji imetoka 2021, na ni nzuri, mimi siitii doa. Lakini ndugu yangu, ukiulizwa kwenye riwaya umependa wapi, unajibuje "ile rangi ya taa usiku"? Taa gani iliyowaka kwenye karatasi? Wiki mbili tunasifiwa taa! Ya Rabi.

Basi siku ile ya swali la binti niliteremka kilimani na simu mfukoni, nimenuna, nikaja kukaa papa hapa. Vijana wa bodaboda walikuwepo, mvua imewaweka, chai ya rangi mkononi. Wakaniuliza nimefiwa? Nikawahadithia Kusadikika kuanzia mwanzo, mjumbe mmoja mmoja, nilivyoweza. Hakuna aliyegusa simu. Nilipofika kwa Amini nikawarushia lile swali. Kelele zake sasa! Mmoja akasema alikuwa na mama yake kule, angekwenda wapi. Mwingine akasema hapana, mtu ukishapata kitu kizuri hutulii mpaka wa kwenu wakione, hata wakupige. Wa tatu, huyu mwembamba mwenye koti la mvua la manjano, akatulia, akatupa makapi ya majani ya chai, akasema: "Mbona Mbegha hakurudi?"

Nikanyamaza. Jamani, nikanyamaza kweli! Maana sote tumelelewa na kisa hicho. Mbegha, kigego, meno ya juu yamemtangulia kuota, ndugu zake wa Nguu wakamwona ni nuksi, akaondoka na mbwa wake akiwinda nguruwe pori. Milima hii ikampokea, akawagawia watu nyama, akaua simba, akawa mfalme pale Vuga. Abdallah bin Hemedi aliyaandika yote hayo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha zaidi ya miaka 100 sasa. Nguu hakurudi. Mmoja kafukuzwa, kapata nchi. Mwingine katumwa, kapata kheri huko alikokwenda, akarudi nayo kwenye pingu. Ukiwaweka wawili hao benchi moja, utazungumza mpaka alfajiri, na sisi tulizungumza mpaka mvua ikakatika na abiria wakaanza kupiga miluzi.

Asubuhi nikapanda tena kilimani. Nikaiandika hoja ya kijana kama alivyoisema, na swali la binti nikalirudisha juu yake, kwa heshima zote. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Nikangoja mpaka jua likatoka. Admini akajibu: "Wanakundi, tusitoke nje ya mada, na masuala ya makabila hayaruhusiwi humu." Chini yake vidole gumba 11 vya kuunga mkono. Vidole gumba, tena! Halafu likaja waridi la asubuhi njema.

Sijajitoa, namngoja yule binti. Ila kitabu changu, kile cha karatasi, nimempa mwenye koti la manjano. Anakitia kwenye mfuko wa nailoni, anakilaza chini ya siti ya pikipiki pamoja na spana zake, na akikosa abiria anakitoa. Juzi alinipita hapo kwenye kona, akafunga breki mpaka tope likaruka. "Shikamoo, mzee. Nimefika kwa yule mjumbe Kabuli. Usiniambie!"