Hatari Ipo Jikoni, Polisi Wako Njiani

Ukitaka kumjua mhalifu katika filamu za Lifetime, kituo cha televisheni cha Marekani, usihangaike na ushahidi. Mtazame anayeosha vyombo bila kuombwa.

Mwongozaji David DeCoteau na mwigizaji wake Vivica A. Fox wametupa The Wrong Roommate (2016), The Wrong Stepmother (2019), The Wrong House Sitter (2020). Mpangaji, mama wa kambo, mtunza nyumba. Hata dalali hakusalimika, zamu yake ilifika 2021. Mgeni huja na begi moja na tabasamu, hana ndugu wala mdhamini, jioni hiyohiyo anakabidhiwa ufunguo na watoto. Binti wa nyumba akishtuka, anaambiwa ana wivu. Jirani aliyechungulia dirishani, masikini, hafiki tangazo la pili la biashara.

Na nyumba yenyewe! Jiko pana kama ukumbi wa harusi, visu vimepangwa mezani kwa saizi, mlango wa nyuma haujawahi kuona komeo.

Mwishoni mara nyingi Fox humtamkia mhalifu jina la filamu usoni, ndipo polisi wanawasili kuandika maelezo.