Sifa za Kompyuta Karimu ya Kilwa Masoko

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani mwenye mkono mwepesi wa kutoa, hata watu wakampachika jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Kwa karibu miaka mia saba jina hilo halikupata mrithi. Sasa limempata. Mrithi anakaa juu ya meza ya kona katika steshenari moja ya Kilwa Masoko, amefunikwa kipande cha kanga asiingiwe na vumbi, na mwandishi wa sifa hizi, ambaye anagombana na kompyuta tangu zama za disketi, ni mgeni wake wa miaka mingi.

Karimu wa kweli hajulikani kwa wali anaopakua. Anajulikana kwa jinsi anavyomzuia mgeni asiondoke. Mbonyeze Abul-Mawahib asubuhi, naye atakutolea kiduara kinachozunguka taratibu kama tasbihi mkononi mwa mzee asiye na miadi. Aliyeingia kwa haraka ya kuchapa ukurasa mmoja huvutiwa kiti. Akishaketi, kahawa huagizwa kwenye baraza la jirani, na kahawa haiji bila kashata. Katika muda wa kiduara kimoja tu mwandishi ameshuhudia deni la saruji likilipwa, posa ikijibiwa, na wazee wawili waliokuwa hawasemezani tangu uchaguzi wa serikali ya mtaa wakigundua kwamba wote wana presha na wote wanakatazwa chumvi. Zile kompyuta za kasi za mijini zingeweza lini? Mtu anaingia, anachapa, anatoka, na jina la baba yake hakuna aliyelijua.

Zawadi za karimu huyu haziombwi. Siku ya mwisho ya kutuma maombi, umebakiza ukurasa mmoja, hukukabidhi masasisho: asilimia 1, asilimia 30, na ombi la upole kwamba usizime mashine. Bando la wiki nzima huishia humo. Ndipo umeme hukatika. Hata miaka huigawa bure. Kibetri kinachotunza saa ndani yake kilikufa kitambo, kwa hiyo kila umeme ukirudi humwamsha mwandishi katika Januari ya 2009, kijana tena, mvi zikiwa bado njiani. Tovuti ndizo zisizopenda ujana huo. Hukataa kufunguka, kwa sababu kwa hesabu za mashine vyeti vyao vya usalama bado havijazaliwa.

Anayo mengine pia, ya kutaja tu. Hapendelei: huchora mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, hata Kilwa. Hafukuzi mtu: virusi vilivyoshuka kwa flashi mwaka juzi sasa ni wenyeji. Wataalamu wa lugha walipopendekeza kompyuta iitwe ngamizi, walichekwa na waliodhani neno limetoka kwenye kuangamiza. Wacheshi hao hawakuwahi kuketi kwenye meza ya kona.

Kishawishi cha kuhama kilibisha hodi tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na Abul-Mawahib alizaliwa kabla ya fasheni hiyo. Vijana wakamshauri mwandishi ahamie Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, ambao hauna ada. Akachagua Ubuntu, kwanza kwa kuwa jina lake ni ndugu wa damu wa utu, na pili kwa kuwa Mark Shuttleworth, aliyeuzindua mwaka 2004, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi onyo, kwa hiyo hata mila ilikuwa upande wake.

Ndoa ile ilidumu siku nne. Mashine iliamka upesi mno, wateja wakashuku imeibiwa kitu ndani. Printa ilinuna. Na kila aliyeketi aliuliza Word imekwenda wapi, kwa sauti ya kuulizia marehemu. Siku ya tano mwandishi alimrejea mke wa zamani. Talaka ilikuwa moja tu.

Kuna waliomtangulia kukata tamaa, tena wakubwa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mahesabu yalipokataa kukaa sawa, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Huko ndiko kuhama mfumo: taifa zima likarudi kwenye leja na kalamu. Mwaka huohuo wa 1974 gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa hii hii, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. (Aya hii imeandikwa kwa tochi ya simu.)

Lakini ukarimu wa Abul-Mawahib unaopita wote ni kwamba anawagawia wenye ofisi udhuru. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii na maji yakakata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Tarehe 12, nyaya za mtandao za SEACOM na EASSy zikakatika baharini. Siku zile aliyesema mtandao uko chini alisema kweli tupu: ulikuwa chini ya bahari. Nyaya ziliungwa. Kauli ikabaki.

Mama mmoja wa Njinjo amefika Masoko mara tatu kwa ajili ya mkopo wa chuo wa bintiye. Fomu ijazwe mtandaoni. Ikishajazwa, ichapwe. Ikishachapwa, igongwe muhuri. Ikishagongwa, iskaniwe na kupakiwa mtandaoni tena. Kuna mtu alilipwa mshahara kubuni safari hiyo, akaiita kurahisisha huduma! Na muhuri, ambao ni mpira na wino, usiojua umeme, bando wala nywila, umefungiwa kwenye droo, na mwenye droo anasema mtandao uko chini, rudi Jumatatu. Nauli ya bodaboda hadi Nangurukuru je? Nayo iko chini?

Mwandishi anaomba radhi. Shughuli hii ni ya kusifu.

Ibn Battuta alisimulia pia yaliyofuata baada ya Abul-Mawahib kufariki. Nduguye Daud alikalia kiti, na kila mwombaji akaambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa. Watu walikaa miezi mlangoni ndipo wakapewa kidogo, mpaka wakaacha kwenda. Mwandishi alimpa mama wa Njinjo kisa hicho wakati wakingoja ukurasa ufunguke, kiduara kikizunguka, kahawa ikipoa. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaifunga upya kanga yake.

“Kaka,” akauliza, “huyo Daud yuko dirisha namba ngapi?”