Mzee wa Windows 7

Hadi naandika haya, stika bado inazunguka. Ni picha ya skrini ya laptopu yangu, mtu kaikata vizuri, kaiwekea dinosaria aliyevaa miwani, na chini kaandika "Mzee wa Windows 7". Jana usiku imetumwa na mtu nisiyemjua kabisa, kwenye grupu la michango ya harusi.

Swali nililouliza lilikuwa safi. Nimelisoma tena kwa jicho la adui na sioni pa kulishika. "Habari zenu wakuu. Laptopu yangu ya Windows 7, kila nikiizima na kuiwasha, saa inarudi tarehe 1 Januari 2009 na tovuti zote zinagoma kufunguka. Nikirekebisha saa kwa mkono, zinafunguka. Shida ni nini?" Grupu nilikouliza ni la kusaidiana mambo ya kompyuta, limejaa mafundi wanaojitolea bila kulipwa. Mimi nilikuwa na hesabu za kikoba za kutuma, na Mama Mwenyekiti si mtu wa kuambiwa "mtandao unasumbua".

Majibu yakaja mbio. "Windows 7! Hivi bado ipo?" Wa pili: "Mkuu, ipeleke Makumbusho, na sisemi stendi." Wa tatu: "Piga windo mpya." Wa nne: "Nunua mashine." Kijana mmoja, ambaye nadhani yeye na laptopu yangu ni marika, akamwaga risala kuhusu usalama wa mitandao duniani. Ndipo stika ikazaliwa. Admini akafunga kikao: matoleo yaliyoisha muda hatuyashughulikii, asanteni.

Usiku wa manane ikaingia meseji inboksi. "Shikamoo mkuu. Hiyo ni betri ya CMOS, badilisha tu. Ila naomba usiseme grupuni kama nimekwambia mimi."

Betri! Nilikaa na neno hilo hadi alfajiri, na sijutii. Kumbe ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayotembea hata ukiizima na kuichomoa ukutani. Moyo wake ni kipande cha fuwele ya kwatzi kilichochongwa kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini namba ya ajabu vile? Igawe kwa mbili, ugawe tena kwa mbili, uendelee hivyo mara 15, utabaki na moja: pigo moja, sekunde moja. Saketi ya kugawa haijui hesabu nyingine yoyote duniani isipokuwa kukata nusu, na kazi inaenda. Umeme wake unatoka kwenye betri bapa ya duara, ile ile ya rimoti za magari, CR2032. Hata jina ni vipimo: 20 ni milimita za kipenyo, 32 ni unene wa milimita 3.2. Betri hiyo ikifa, na ile kubwa ya laptopu nayo ilishakufa kama yangu, saa inasimama ukizima tu. Ukiwasha, inaanza upya na tarehe ya kiwandani.

Tovuti zinaingiaje hapo? Kila tovuti iliyofungwa kiusalama humwonyesha mgeni cheti chenye tarehe mbili: hakitumiki kabla ya siku fulani, wala baada ya siku fulani. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako, maana hakina saa nyingine ya kuamini. Watu wengi wamezoea kusikia cheti kimeisha muda. Vyangu vilikuwa havijaanza! Kwa mashine iliyokwama 2009, benki, barua pepe na mtabiri wa hali ya hewa wote walikuwa wameleta karatasi za siku zijazo, ikawafukuza mlangoni bila kupepesa. Ilikuwa inafanya kazi yake barabara.

Sasa niambie, Windows 7 ina kosa gani humo? Ungepiga windo mpya usiku kucha, betri ingebaki mfu vile vile. Wale jamaa walisoma hadi neno la toleo, wakaacha kusoma. Ni kwenda kung'oa jino ukaulizwa umri, na ukiutaja unaambiwa rudi ukazaliwe upya.

Nawaelewa kidogo. Hawalipwi, mashine ya kujaribia hawana tena, na risala ya yule kijana haikuwa ya uongo. Mtengenezaji aliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na tangu hapo, kwa sisi watu wa kawaida, kila tundu jipya linabaki wazi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Lakini kumbuka na nusu ya pili, ambayo kijana aliiruka: wiki ile ile Microsoft wenyewe walirudi wakatoa kiraka cha Windows XP, ambayo walikuwa wameshaiaga Aprili 2014. Mwenye mali karudi kumtibu marehemu. Wewe wa grupuni unashindwa kusema "betri"?

Mniambie kuna hatari, sawa, halafu mnijibu. Au mseme hamjui. Nani atakayesaidia ile steshenari ya mtaani ambako watoto wetu wanachapisha barua za kuomba kazi, ikiwa toleo lake ni la aibu hata kulitaja? Masasisho makubwa ni gigabaiti kadhaa, na bando analipa mwenye steshenari mwenyewe. Hapa hasira inanipanda kweli. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za ofisi za Ulaya na Ghuba, zinatufikia pale huko zinapochokwa. Windows 10 nayo imeachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kijisanduku cha usalama cha TPM 2.0. Mashine ina afya, inafungua kila kitu, lakini kwenye karatasi imeshazikwa. Uzee huo hatukuuchagua sisi.

Betri niliipata kwa fundi saa, chini ya mwavuli. Hakuuliza toleo.

Printa nayo imegoma wiki hii, sijamwambia mtu, naogopa stika.

Simu ya mjomba inakataa programu ya benki, nimemwambia aende tawini.

Mama Mwenyekiti, alipopata hesabu, akaamua kikoba kininunulie kompyuta ya maana, nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanipa moja inayong'aa. Nikamuuliza, hii inakubali Windows 11? "Bosi wangu, hii inakubali kila kitu." Nikaigeuza nikasoma kibandiko: kizazi cha sita. Nikamwonyesha. Akakitazama kibandiko, akanitazama mimi, akakibandua kwa ukucha. "Sasa je?"

Nikamwambia apunguze bei.