Bunduki ya Marehemu

Gari kuukuu likiuzwa, angalau muuzaji atakohoa kidogo na kukiri kwamba gia ya pili ina hasira asubuhi. Bunduki kuukuu ya kuwindia haina ugonjwa. Kila niliyowahi kuonyeshwa ilikuwa ya marehemu fulani, na marehemu huyo hakuwahi kukosa. Alipiga nyati kwa mbali, akapiga pofu anakimbia, akapiga tandala jua limeshazama. Ushahidi? Pembe zile pale ukutani! Nimechoka kueleza kwamba ukuta wa mwindaji ni shahidi wa upande mmoja. Aliyepigwa yupo pale na pembe zake. Waliokoswa wako porini wanakula majani, na hakuna anayewaita barazani watoe maelezo.

Naburutwa kwenye mambo haya kwa sababu mbili: nina leseni, na mdomo wangu haufungiki. Safari hii aliyeniburuta ni shemeji, kaka wa mke wangu, mtu ambaye kumkatalia ni kujitafutia chakula baridi nyumbani. “Shemeji, njoo unitazamie tu,” akasema. Kutazama tu! Watu hudhani bunduki hutazamwa usoni kama mchumba, ukaridhika ukapeleka posa.

Bunduki yenyewe, nayo ya marehemu kama zote, ilikuwa Brno ZKK 602, ya enzi zile Czechoslovakia ingali nchi moja. Ni ya komeo: unapiga, unainua mkono wa komeo, unavuta, ganda linaruka, unasukuma, risasi nyingine inaingia. Kaliba yake .375, ile ya Holland & Holland ya mwaka 1912, risasi ya milimita tisa na nusu, ambayo imepita karne na bado mtu anayemfuata nyati anaibeba bila kuona haya. Hapo sikuwa na ugomvi. Ugomvi ulianza tulipofika kwa mwenyewe, mzee mmoja mstaafu, mstaarabu, kofia ya vito kichwani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni. Hii haikosi.”

Hatujakaa. Chai haijaja. Haikosi!

Kisha akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa hadi mikunjo imegeuka nyufa. Ndani yake matundu matatu yamekaribiana, sarafu ya shilingi mia tano ingeyafunika yote. Shemeji akanitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kununua. Nikauliza, kwa adabu zote, karatasi nyingine ziko wapi. “Zipi?” Zile za siku hiyo hiyo, mzee wangu, ambazo hukuziweka mfukoni.

Maana huu ndio mchezo wa matundu matatu. Piga tatu tatu kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kwa bunduki yoyote isiyo mbovu kabisa, na itatokea karatasi moja ya kujivunia. Unaikunja hiyo, nyingine unawashia mkaa. Wanaohesabu mambo haya wanajua kwamba kundi la risasi tano, kwa wastani, hutanuka zaidi ya lile la tatu kwa robo nzima na zaidi kidogo, na la kumi hutanuka kwa zaidi ya nusu. Bunduki haijaharibika hapo katikati. Ni kwamba risasi tatu hazijapata nafasi ya kusema ukweli.

Nami simdai mzee miujiza. Vijana wa siku hizi wamejifunza neno “dakika”, ile dakika ya pembe, ambayo kwa mita 100 ni kama sentimita tatu, na sasa kila mmoja anataka bunduki ya dakika moja, hata anayewinda kwenye kichaka ambacho huoni mita 60. Bunduki ya nyati iliyozeeka ikiweka risasi tano ndani ya sentimita tano au sita kwa mita 100, inatosha na inabaki. Mapafu ya nyati ni makubwa kuliko hapo mara kadhaa. Kinachopotea porini ni pumzi ya mwindaji.

Basi nikaikagua. Mzee alikuwa ameifungua komeo, anataka nichungulie mtutu juani nishangae unavyong’aa. Ulikuwa unang’aa. Mtutu unaweza kung’aa na bado ukawa umebeba shaba miaka na miaka, maana risasi inapopita inajipaka kwenye mifereji ile iliyosokotwa. Nilipitisha kitambaa chenye dawa ya kuyeyusha shaba, tukanywa chai, nikapitisha kingine kikavu. Kikatoka cha buluu, buluu ya sare ya shule. Mzee akasema hiyo ni rangi ya dawa. Nikapitisha tena, na tena, hadi dawa ile ile ikaanza kutoka nyeupe. Akanyamaza, akaniongezea sukari.

Mimi nilikuwa na hamu zaidi na mdomo wa mtutu. Hapo ndipo risasi inapoagana na bunduki, na ukingo ukiwa na pengo hata dogo, gesi inatoroka upande mmoja kabla ya mwingine, risasi inasukumwa kando ikiwa ndiyo kwanza imetoka mlangoni. Bunduki nyingi za kuwindia haziuawi na risasi. Marehemu wetu hawa walipiga chache kwa mwaka. Zinauawa na usafi. Mtu anachukua fimbo ya chuma, anaiingizia mdomoni, anasugua kwa juhudi huku fimbo ikila ukingo, kisha anajisifu kwamba anaitunza. Nikazungusha pamba ya masikio polepole pande zote za ukingo, kutoka ndani kwenda nje. Penye mkwaruzo, pamba huacha nyuzi. Haikuacha. Moyoni nikampa marehemu alama zake.

Ikaja zamu ya noti. Unaikunja karatasi ngumu kati ya mtutu na ubao, unaivuta kuelekea nyuma, uone kama mtutu umekaa huru. Zipo bunduki ambazo mtengenezaji huzibana kidogo mbele kwa makusudi, lakini ubanaji huo huwa sawa pande zote. Shemeji, kwa mbwembwe za mnunuzi, akatoa noti ya elfu kumi. Ikateleza upande wa kushoto. Upande wa kulia ikakwama palepale, haiendi wala hairudi. Ubao ulikuwa umevimba. Mzee akaeleza kwamba bunduki ilikaa Tanga miaka mingi kabla ya kuletwa huku bara, na ubao usiopakwa mafuta ndani hunywa unyevu wa pwani, kisha hukauka upendavyo wenyewe. Maana yake masika inapiga kushoto, kiangazi inapiga kulia, na mwenyewe anazungusha vitufe vya darubini mwaka mzima akilaumu risasi. Mzee alikuwa ananisikiliza, ila macho yake yalikuwa kwenye noti. Tulipofungua skrubu za chini kuutoa mtutu, noti ikaanguka kwenye mkeka, na nikaona watu wawili wakiinama kwa wakati mmoja.

Mzee aliporidhia, nikafunga msasa kwenye kipande cha bomba, nikapunguza ubao pale ulipobana, tukaupaka mafuta. Jioni ikaisha. Kutazama tu, shemeji alisema.

Siku ya kupiga, tulipata ruhusa ya uwanja wa shabaha. Hapo ndipo wataalamu huzaliwa. Walikuwapo mgambo wawili, dereva wa bodaboda aliyetuletea mifuko ya mchanga, na binamu yangu wa Nakuru kwenye simu ya video. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, binamu amezaliwa baadaye, na nyati wake wote amewaona kwenye televisheni, lakini ndiye aliyekuwa na maoni mengi kuliko sote. Akatuletea habari za Bell. Hakosekani mtu wa kuleta habari za Bell, yule Mskoti aliyeitwa “Karamojo” kwa sababu ya Karamoja ya Uganda, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita saba. “Kwa hiyo kaliba si hoja!” binamu akapaza sauti. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Binamu hajapasua hata nazi. Nikamwambia mtandao unakatika.

Shemeji akataka kupiga mwenyewe. .375 ina teke, na bega la mtu lina kumbukumbu nzuri. Risasi ya kwanza ikaenda juu, ya pili chini, ya tatu hatujui. Mzee akaanza kutikisa kichwa, si kwa bunduki, kwa shemeji. Basi nikafanya ninachofanya siku zote: nikamjazia mimi, na katikati ya risasi za kweli nikatia moja ya mazoezi isiyo na baruti. Akalenga, akavuta pumzi, akafyatua. Hakukuwa na mlio. Lakini mtutu ulichimba chini, bega likaruka nyuma, na macho yote mawili yalikuwa yamefumba. Mgambo mmoja alilazimika kwenda kukaa mbali ili acheke kwa heshima.

Hapo nikakaa mimi mezani, taulo begani, mifuko ya mchanga mbele na nyuma. Kwanza nilikataa soksi. Ndiyo, mzee alileta risasi ndani ya soksi, za viwanda tofauti, nyingine za greni 270, nyingine za 300, moja ina ukungu wa kijani. Kila uzito una njia yake hewani. Ukizichanganya kwenye karatasi moja utakuwa unapima soksi. Shemeji akatoa pakiti yake mpya ya greni 300, huku akilia bei kwa kila moja niliyoichukua.

Nikapiga tano, nikiacha mtutu upoe kila baada ya risasi, maana porini anayekula ni yule aliyelenga vizuri risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Tatu zikakaa pamoja. Mbili zikaenda kukaa peke yao kulia, upana wa kiganja.

“Hizo mbili ni upepo,” mzee akasema.

Hakukuwa na upepo wa kutikisa uzi wa buibui. Nikaishika darubini, nikaisukuma kwa gumba. Ikacheza. Kidogo mno, usingeona kwa macho, lakini gumba halidanganyi. Bunduki hizi zina reli zilizochongwa juu ya chuma chenyewe, vishikio vya darubini vinazibana kwa skrubu, na aliyezifunga mwisho, sijui ni nani na sitaki kumjua, alizifunga kwa vidole. Nikazikaza. Nikasubiri mtutu upoe kabisa, dereva wa bodaboda akauliza kama tunalipia na muda wa kusubiri, kisha nikapiga tano nyingine.

Sentimita tano, ukipima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu yale mawili yaliyoachana zaidi. Nikarudia, zikawa tano na nusu. Bunduki nzuri kabisa! Hata mimi nilijisikia kutabasamu, jambo ambalo uso wangu haujalizoea.

Tukarudi barazani kwa mzee kumaliza habari ya bei, ili Jumatatu waende polisi kuomba kibali cha kuhamisha umiliki. Mzee akavua kofia, akaivaa tena, akaomba karatasi zote mbili za mwisho, akaziangalia kwenye mwanga wa taa. Kisha akataja bei mpya. Ilikuwa imepanda kwa robo.

“Mzee, mbona tulikubaliana?” shemeji akauliza.

“Tulikubaliana kabla haijapimwa, mwanangu. Ile ilikuwa bei ya bunduki inayotupa kulia. Hii imesafishwa shaba, imechongwa ubao, imekazwa darubini, na imepimwa na mtaalamu.” Akanionyesha kwa kidevu, kwa heshima kubwa.

Shemeji amelipa, na amenuna. Kila nikienda kwao ananiambia kwamba mtu mwenye akili angeziacha zile skrubu zilegee hadi pesa ibadilishe mikono. Na bado ananidai pakiti nzima ya greni 300.