Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: anayejua apimwe

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Kwa taadhima kubwa, na baada ya kukuomba radhi kwa kukujia hadharani badala ya kupitia ofisini kwako kama adabu inavyotaka, naleta ombi moja. Ninasaidia kufundisha mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta. Naomba, ikikupendeza, uvielekeze vyuo vimpe mtihani wa kusamehewa somo la utangulizi wa programu mwanafunzi anayeamini kwamba analijua.

Ukiridhia, nieleze. Darasa moja hukalisha kijana aliyemaliza kidato cha sita bila kugusa kompyuta, na mwenziwe mwenye stashahada ambaye tayari ameiandikia SACCOS mfumo wa hesabu. Wote wawili hufundishwa namna ya kuiagiza kompyuta irudie kazi mara kumi. Kwa vipimo vya Tume yako, krediti moja ni saa 10 za kusoma. Somo la krediti 12 humlia huyu wa pili saa 120, na pengine analilipia kwa mkopo atakaourejesha.

Lakini anayeniumiza zaidi, Mheshimiwa, ni yule wa kwanza. Kazi ya kikundi ikitolewa, mjuzi huiandika yote usiku mmoja na wengine huongeza majina yao. Mhadhiri akiuliza, jibu hutoka nyuma kabla mgeni hajalielewa swali. Mgeni huyo huanza kuamini kwamba hana kichwa cha kompyuta, na wasichana nimewaona wakikata tamaa mapema zaidi. Mjuzi akihamia somo la juu, darasa linabaki la wale liliowekewa.

Wazo hili si geni kwako. Mtihani wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya mfumo rasmi tayari unawaingiza watu chuo kikuu, na VETA huwapima mafundi waliojifunzia mtaani. Nakusihi kwa unyenyekevu utambuzi huo usiishie getini. Marekani, wanafunzi wa sekondari hufanya mtihani wa AP wa sayansi ya kompyuta tangu 1984, na vyuo vingi humhesabia aliyefaulu vizuri krediti za somo la kwanza. Ulianza kwa lugha ya Pascal, ukahamia C++ mwaka 1999, kisha Java mwaka 2004. Kwa sababu hiyo naomba wetu usifungwe na lugha moja: upime kama mtu anaweza kusoma programu ya mwenzake, kugundua kosa, kulirekebisha, na kumweleza mhadhiri kwa mdomo sababu ya marekebisho yake.

Sehemu hiyo ya mdomo naisihi hasa. Siku hizi akili mnemba huandika programu ya mwaka wa kwanza kwa sekunde chache, na wapo wanaojiona wajuzi wasioweza kueleza mstari mmoja. Atakayeshindwa arudi darasani bila kuandikiwa alama mbaya. Atakayefaulu asipunguziwe krediti 360 za shahada ya miaka mitatu, bali achukue somo jingine gumu zaidi.

Ukiona vema kuanza na vyuo vichache, niko tayari kutunga maswali ya majaribio na kuyasahihisha bila malipo.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mkufunzi msaidizi, maabara ya kompyuta, Morogoro